Nimepata chuo Torino, Italia: tuuze shamba la Mambrui au kuna njia nyingine ya kugharamia mwaka wa kwanza?

Binti wa Barani

Assalam alaikum, na salamu kwa wote mlio humu. Mimi ni mkazi wa Barani, hapa Malindi, na nimepokea barua ya kukubaliwa kusomea shahada ya kwanza ya uhandisi katika chuo kikuu cha umma jijini Torino. Masomo ni kwa Kiingereza na yanaanza mwishoni mwa Septemba. Nyumbani kwetu habari hii imeleta furaha, lakini pia imeleta mzozo ambao umefika hadi kwa jamaa wa Mambrui.

Baba ni mvuvi, kaka yangu anaendesha tuktuk ya familia, na mama anashona na kuuza mabuibui. Mali kubwa tuliyo nayo ni shamba la ekari mbili la Mambrui, lenye minazi na miembe, ambalo baba alilirithi kwa babu. Baba ameshapata mnunuzi, naye anataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha. Mama hataki kabisa kusikia habari ya kuuza. Anasema tufanye mchango wa jamaa na majirani, kisha yaliyobaki nitayatafuta mwenyewe kwa kufanya kazi nikiwa huko. Ami yangu mmoja naye anapendekeza mkopo.

Ninaomba kufahamishwa mambo matatu. Je, mwaka wa kwanza unahitaji pesa ngapi hasa, na zinahitajika wakati gani? Je, ule msaada wa masomo ambao husemwa hutolewa kwa familia zenye kipato kidogo unatosha kuishi? Na je, ni busara kuuza shamba kwa ajili ya jambo hili?

Mhasibu wa Ng'ambo

Dada yangu, hongera sana. Mimi ni mzaliwa wa Shela ya Malindi, nilisomea Italia na sasa ninafanya kazi huku, na kila mwaka huwasaidia vijana wachache wa pwani kupanga makaratasi yao. Nitaanza na swali lako la tatu, kwa sababu jibu lake linategemea hesabu ambayo watu wengi wa nyumbani hawaijui.

Msaada wa masomo nchini Italia hutolewa na mikoa, na kwa Piemonte, ambako Torino ipo, taasisi inayohusika inaitwa EDISU. Kigezo chake kikuu ni kipimo cha hali ya kiuchumi ya familia kinachojulikana kama ISEE, ambacho kwa mwanafunzi ambaye familia yake iko nje ya Ulaya hukokotolewa kwa karatasi za kipato na mali zilizotafsiriwa na kuthibitishwa. Katika kanuni hizo, mali isiyohamishika iliyo nje ya Italia huhesabiwa ikiwa ni jengo tu, kwa thamani ya kukadiriwa ya yuro 500 kwa kila mita ya mraba. (Kwa kipimo hicho, nyumba ya makuti na jumba la kifahari la Casuarina zikilingana ukubwa basi zimelingana thamani, na hakuna wa kumlalamikia.) Shamba tupu la minazi na miembe halimo katika hesabu hiyo. Pesa zilizo benki, kwa upande mwingine, zimo, kulingana na salio la tarehe 31 Desemba ya mwaka wa nyuma unaotumiwa.

Sasa tazama yatakayotokea baba akiuza. Mali ambayo haikuwa ikionekana katika hesabu itageuka kuwa salio la benki linaloonekana, na kwa kuwa msaada huombwa upya kila mwaka, mauzo ya leo yanaweza kukupunguzia nafasi katika maombi ya miaka inayofuata, wakati ambapo sehemu ya pesa hizo imeshatumika. Sisemi kwamba kuuza ni haramu. Ninasema kwamba kuuza kabla ya kujua kama utapata msaada ni kulipa kwa jambo ambalo huenda mtu mwingine alikuwa tayari kulilipia.

Kuhusu kiasi, msaada kamili wa mwanafunzi anayeishi mbali na kwao umekuwa zaidi kidogo ya yuro 7,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na ukipewa kitanda katika bweni, thamani yake hukatwa humo. Lipo pia jambo linalokuhusu wewe hasa: tangu kanuni za mwaka 2021, wanafunzi wa kike walio katika masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati huongezewa asilimia 20. Anayestahili msaada pia husamehewa karo. Hata usipoupata, vyuo vingi vya umma havitozi karo kwa mwanafunzi ambaye kipimo cha familia yake hakizidi yuro 22,000, mradi awasilishe karatasi hizo kwa wakati. Anayechelewa huwekwa katika kundi la juu la walipaji, na hapo ndipo familia nyingi hupata hasara ambayo haikuwa lazima.

Kwa hivyo kazi yenu ya mwezi huu ni karatasi: uthibitisho wa kipato cha kila mtu anayehesabiwa katika familia, ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba, na taarifa za benki. Mnunuzi wa shamba anaweza kusubiri, na asiposubiri, miembe haitaondoka.

Mzee wa Gede

Naomba kutofautiana na Mhasibu kidogo. Ardhi iliachwa na wazee ili itufae siku ya haja, na elimu ya mtoto ni haja. Nimeona familia zilizong'ang'ania mashamba ambayo hayazalishi chochote huku watoto wenye akili wakizeeka ufukweni wakiuza shanga. Kama shamba halina mapato ya maana, si dhambi kuliuza. Ila ningemshauri baba asiuze chini ya shinikizo la mnunuzi mwenye haraka, kwa maana hapa Malindi mnunuzi mwenye haraka mara nyingi anajua jambo ambalo muuzaji halijui.

Mama Mahamri

Mzee wetu, hili lina miembe. Familia nyingi za Mambrui na Gongoni huuza matunda yakiwa bado mtini kwa mfanyabiashara ambaye hulipa sehemu mapema kisha huja kuvuna mwenyewe, na ardhi hubaki yao. Bei yake huwa chini kuliko ya kuvuna na kuuza wenyewe, hilo ni kweli, lakini ni pesa ambazo haziachi deni wala riba.

Kuhusu mchango, dada, tafadhali fanyeni mapema na muandike kila shilingi na jina la aliyeitoa. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na waelezeni wachangiaji waziwazi kwamba mwaka wa kwanza hutatuma chochote nyumbani. Nimemwona kijana mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa akipigiwa simu kila wiki kuombwa pesa za matanga, za harusi na za kodi ya nyumba, naye kwa kuona haya akawa analipa kwa pesa za chakula chake. Jamaa hawakuwa na ubaya. Hapa kwetu, ambapo kila Mwitaliano tunayemwona yuko likizoni na amebeba yuro, watu wanaamini kwamba pesa za Italia zinaokotwa.

Mwaka wa Pili Torino

Salamu dada. Mimi niko Torino sasa hivi na nitajibu swali la pesa ngapi na lini, kwa sababu hilo la *lini* ndilo linalowaumiza wengi wanaofika hapa. Malipo ya kwanza ya msaada hutarajiwa mwishoni mwa mwaka, lakini kodi ya nyumba inadaiwa siku unayopokea ufunguo. Kwa hivyo kinachohitaji kutafutwa nyumbani ni gharama za miezi ya mwanzo, wala si gharama za mwaka mzima.

Chukua chumba cha yuro 350 kwa mwezi, bei ambayo hapa ni ya kawaida. Sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai amana isiyozidi kodi ya miezi mitatu. Wengi hudai miwili. Kodi ya Oktoba hadi Desemba pamoja na amana hiyo inafika yuro 1,750. Kibali cha ukaazi, ambacho ni lazima ukiombe ndani ya siku nane za kazi tangu kuingia nchini kwa kujaza fomu za posta, kinagharimu takriban yuro 116 ukijumlisha ada zote. Chakula, ukijipikia, weka yuro 200 kwa mwezi. Nguo za baridi na vyombo vya jikoni weka 150, na bima ya afya ya muda weka 100. Jumla inakaribia yuro 2,700. Ongeza kodi na chakula cha Januari, kwa sababu malipo yanaweza kuchelewa, na unafika kwenye yuro 3,250 hivi. Kwa kiwango cha takriban shilingi 150 kwa yuro, hizo ni chini kidogo ya nusu milioni, bila nauli ya ndege na safari zako za Nairobi kushughulikia viza.

Viza yenyewe inataka uonyeshe uwezo wa karibu yuro 7,000 kwa mwaka. Tofautisha pesa za kuonyesha na pesa za kutumia: Italia haikulazimishi kuzifungia katika akaunti maalumu, kama wafanyavyo Wajerumani, na zinaweza kuwa katika akaunti ya mzazi.

Usikubali kukaa bila mkataba uliosajiliwa, hata ukipunguziwa kodi. Mwenye nyumba mmoja alimwambia rafiki yangu kwamba usajili ni usumbufu usio na maana, na ilipofika wakati wa kuthibitisha makazi kwa ajili ya msaada wake, hakuwa na karatasi ya kuonyesha. Uliza pia kama gharama ya kupasha nyumba joto imo ndani ya kodi. Wewe uliyekulia Malindi huwezi kuikisia bili hiyo.

Binti wa Barani

Shukran sana nyote. Baba amesoma majibu haya pamoja nami, na jambo la shamba tupu kutohesabiwa limemfanya anyamaze kwa muda mrefu. Nina maswali mawili zaidi. Mama bado anaamini kwamba kazi ya huko itanitosha; je, inaruhusiwa? Na kwa nini umetaja bima ya muda badala ya bima ya mwaka mzima?

Mwaka wa Pili Torino

Kazi inaruhusiwa, saa 20 kwa wiki na zisizozidi 1,040 kwa mwaka. Lakini usiiweke katika bajeti ya muhula wa kwanza. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatakiwa apate krediti 20 (alama anazopewa kwa kila somo alilofaulu) kufikia tarehe 10 Agosti ili alipwe sehemu ya pili ya msaada, na asipozipata hata kufikia mwisho wa Novemba, msaada wenyewe hufutwa na aliyopokea hudaiwa arudishe. Kazi ya mkahawani inayokufanya ufeli hisabati ya muhula wa kwanza inakugharimu zaidi ya mshahara wake. Kuanzia mwaka wa pili, vyuo vingi vina kazi zao za maktabani na maofisini, zisizozidi saa 200 kwa mwaka, ambazo ratiba yake inaheshimu masomo. Ikiwa unasema Kiitaliano cha Malindi, hata kile cha kuuzia vitenge, kitakusaidia sana katika kutafuta chumba.

Kuhusu bima, kujiunga na huduma ya afya ya taifa kunamgharimu mwanafunzi wa kigeni yuro 700 kwa mwaka tangu 2024, na mwaka huo unahesabiwa Januari hadi Desemba bila kupunguziwa miezi iliyopita. Anayelipa Oktoba amelipa mwaka mzima kwa miezi mitatu. Ndiyo maana wengi hununua bima binafsi ya bei nafuu hadi Desemba, kisha huamua Januari.

Mhasibu wa Ng'ambo

Ninaongeza moja kuhusu shilingi. Mapema mwaka 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160, na miezi michache baadaye ikawa karibu 130. Yuro nayo iliyumba vilevile. Mchango unapoingia, nunueni yuro kidogo kidogo kwenye duka la fedha lenye leseni, na mtunze risiti. Kiasi chako hakitafika yuro 10,000, ambacho ndicho cha kutangazwa forodhani, lakini usisafiri na pesa zote mkononi.

Binti wa Barani

Tumekubaliana hivi. Baba amemwambia mnunuzi kwamba shamba haliuzwi mwaka huu, na kesho anakwenda Mambrui kuzungumza na mfanyabiashara wa maembe. Tuktuk haiguswi. Mchango utafanyika, na daftari liko kwa mama. Mimi nimeshaanza kupima nyumba yetu kwa utepe wa mama wa kushonea, kwa sababu hakuna aliyewahi kujua ina mita ngapi. Je, ukumbi wa nje wenye paa lakini usio na kuta huhesabiwa?

Mhasibu wa Ng'ambo

Upime peke yake na uuandike kando, usiuchanganye na vyumba. Wanaokokotoa kipimo hicho watakuambia kama wanauhitaji, na tarakimu iliyoandikwa kando ni rahisi kuitoa kuliko kusahihisha karatasi ambayo imeshapigwa muhuri.