Oregon: SMS 60 za matusi hazitoshi kupata amri ya ulinzi?

Mkalimani_Gresham
Wakuu, naomba ufafanuzi. Mama mmoja hapa Portland anataka amri ya ulinzi chini ya ORS 30.866, sheria ya Oregon ya kumzuia mtu anayekuandama. Mwanamume amemtumia SMS 60 za matusi, na mara mbili mwezi huu amesimama nje ya kazini kwake akimsubiri. Jaji anapima nini hasa? SMS si zinatosha?

Sheria_Salem
SMS 60 zinaweza kuhesabika sifuri. Tangu uamuzi wa Rangel wa Mahakama ya Juu ya Oregon (1999), maneno peke yake yanalindwa na uhuru wa kusema. Ili ujumbe uhesabiwe, uwe tishio lisilo na utata, linalotia hofu ya kudhuriwa vibaya na karibuni, na ambalo mtu mwenye akili timamu angeona litatekelezwa. "Mbwa wewe" ni tusi tu. "Nakuja leo na kisu" ni habari nyingine.

Kesi yake imo katika zile siku mbili. Kumvizia mtu nje ya kazini ni kitendo, na sheria inataka matukio mawili au zaidi. Kila moja linapimwa peke yake, kisha yote kwa pamoja: mama mwenyewe alitaharuki? Mtu mwingine katika hali yake angetaharuki? Taharuki hapa ni hofu ya hatari. Kero na aibu hazimo.

SMS asizifute lakini. Ndizo zinazoeleza kwa nini mtu aliyesimama kimya barabarani anatisha. Na kama mwanamume huyo aliwahi kumpiga, hilo liandikwe mwanzoni kabisa.

Bi_Tatu
Msisahau: sheria inataka matukio hayo yawe "yasiyotakiwa" na anayefuatwa. Mdaiwa atasema hakujua. Kwenye kesi ya madai kama hii (si ya jinai) inatosha kwamba alijua, au aliona uwezekano huo akaupuuza. Kwa hiyo mama atume ujumbe mmoja mkavu: "Usinitafute tena, wala usimtume mtu." Halafu asijibu chochote. Wengi huharibu hapa: leo anakataza, kesho anauliza "kwa nini unanifanyia hivi?", na jaji anaonyeshwa maongezi ya watu wawili. Maua na zawadi navyo vinahesabika.

Mkalimani_Gresham
Ahsanteni. Ada je? Na kwenye fomu aandike vipi?

Sheria_Salem
Hakuna ada ya kufungua. Mkalimani wa mahakama ni bure, aombe mapema. Asichelewe: ana miaka 2 tangu kitendo. Jaji anaweza kutoa amri ya muda kwanza, kisha pande zote zinasikilizwa.

Kwenye fomu, "ananisumbua kila siku" haisaidii. Aandike tarehe, saa, mlango gani, jamaa alikuwa umbali gani, na yeye alifanya nini baada ya kumwona: alitokea mlango wa nyuma, alimwita mlinzi, alibadili basi. Hapo ndipo jaji anaiona hofu yenyewe.