Mrejesho: ni "increase of" au "increase in"?
Wakuu, nimerudi. Niliuliza barua ya kuwaarifu wageni wa Kilimanjaro kuhusu bei kupanda iandikwe "increase of price" au "increase in price". Mliosema "in" mlipatia: "in" inataja kinachopanda, "of" inataja kiasi, kama "an increase of 10 percent". Sisi tumezoea -a unganifu (sababu ya, suluhisho la, ongezeko la), basi mkono unakimbilia "of" kila mahali. Kumbe ni "reason for", "solution to"! Aliyenishauri nikariri nomino pamoja na kihusishi chake, asante sana mkuu. Barua imeshatoka hapa Moshi. Bosi kasahihisha mkato mmoja tu, tena kwa kunionea.