Tupeane uzoefu: kumuuguza bibi au babu mwenye kiharusi wodini

Kibarazani: Kuna dogo kauliza jana abebe nini, bibi yake kalazwa na kiharusi, akajibiwa "beba maombi". Sawa, ila abebe na beseni, shuka za ziada, kanga kuukuu, pampasi za watu wazima, mafuta ya mgando, bomba la sindano la mililita 50, daftari na kalamu. Daftari ndilo linalosahaulika. Ndugu wakipokezana bila kuandika saa ya kugeuza, kiasi cha uji na mkojo, bibi anageuzwa jioni na kila anayeingia, halafu haguswi mpaka alfajiri. Wenye ujuzi ongezeni.

Dada Mkubwa: Na miwani yake. Meno ya bandia kwenye kikopo chenye jina.

Zamu ya Usiku: Ageuzwe kila baada ya saa mbili: kulia, chali, kushoto. Mto ukae chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro. Kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu. Tafuta palipozidi weusi, pana joto au pamekuwa pagumu. Hapo usipasugue, mwondoe tu kwenye upande huo. Na msimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza, bega linachomoka.

Mpemba wa Bara: Hilo la bega, kweli tupu.

Mchonga Mwiko: Mnasahau chakula. Akifumbua macho tu, mpeni uji mwepesi kwa kijiko apate nguvu.

Zamu ya Usiku: Usiue mtu, mkuu. Chepesi ndicho kinachopalia haraka. Kwanza wauguzi wampime kumeza: anakalishwa wima, anapewa maji kijiko cha chai, wanaangalia kikohozi na sauti kama ina maji kooni. Wengine wanapaliwa bila hata kukohoa, homa ya mapafu inakuja baadaye.

Mchonga Mwiko: Wazee wetu walilishwa hivyohivyo wakapona.

Zamu ya Usiku: Waliopona ndio uliowaona.

Nyota ya Alfajiri: Mnagombania kijiko, usiku hamjaufikia. Saa nane babu aliyeshinda kimya anaamka, anamwita kaka yake marehemu, anataka akafungulie ng'ombe, anavuta mpira wa puani wa kulishia. Ukitoka nusu, USIURUDISHE. Unaweza kuingia njia ya hewa, na uji unaofuata ukaishia mapafuni. Simamisha chakula, mwite nesi. Ndiyo maana mpira huwekwa alama pale unapoingilia puani. Alama ikisogea, hakuna kulisha mpaka uhakikishwe. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kunakopanda na kushuka kuna chanzo: maambukizi ya mkojo, mpira wa mkojo uliokunjika, choo kilichofunga, sukari kushuka, upungufu wa maji, dawa mpya. Mwambie nesi kaanza saa ngapi. Mvalishe miwani, mtajie jina lako na mahali alipo. Kumfunga mikono kunazidisha fujo. Ila kiungo kikilegea upya, mdomo ukizidi kupinda au haamshiki, usingoje raundi ya asubuhi, mfuate daktari wa zamu palepale.

Mchonga Mwiko: Anayeita marehemu huyo anaitwa. Tafuteni wa kumsomea.

Dada Mkubwa: Asomewe, dua haikatazwi. Mkojo upimwe kwanza.

Mpemba wa Bara: Mimi nasema mwambieni ng'ombe wameshafunguliwa, alale 😂

Nyota ya Alfajiri: Unacheka, lakini kubishana naye ndiko kunakoamsha wodi nzima.

Kibarazani: Turudi kwenye mpira wa chakula jamani.

Zamu ya Usiku: Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45 wakati wa kulisha, kibaki hivyo angalau nusu saa. Uji uchujwe kwa kitambaa safi, punje zinaziba. Chomoa kisukumio cha lile bomba la sindano, uji ushuke wenyewe. Ukisukuma kwa nguvu anatapika. Suuza kwa maji mililita 30 kabla na baada. Vidonge visagwe kimoja kimoja, ila vile vya kuachia dawa polepole havisagwi, mwombeni mfamasia mbadala.

Dada Mkubwa: Bili je? Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, nendeni Ustawi wa Jamii hapohapo hospitali mapema, na barua ya serikali ya mtaa. Mkingoja siku ya kuruhusiwa mtazungushwa.

Mpemba wa Bara: Na mfuko wa mkojo unaning'inizwa wapi?

Zamu ya Usiku: Chini ya usawa wa kibofu, usiguse sakafu. Kila mkimgeuza, hakikisheni hajaulalia mpira.