Tuko sita kutoka Kigoma, siku saba: Bujumbura, Kigali au Mpulungu?

MtotoWaBangwe (mwenye mada)

Habari za jioni wakuu. Tuko sita, wanawake watatu na wanaume watatu, tumekua pamoja Bangwe tangu tunaoga ziwani bila nguo. Mwezi wa nane likizo zetu zimeangukia wiki moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu Juma aoe. Tuna siku saba na laki nne na nusu kila mtu. Hela yote iko kwenye kopo la biskuti kwa Salma, na ukimwomba hata elfu mbili ya soda anakudai risiti.

Tunataka kuvuka mpaka. Kwa mtu wa Kigoma, nje ya nchi ni karibu kuliko Dodoma, kwa hiyo hatuna kisingizio. Shida ni kwamba kura zimegawanyika: wawili Bujumbura, wawili Kigali, wawili Mpulungu ya Zambia wakaone maporomoko ya Kalambo. Mimi nimependekeza tuzunguke, tuingie Burundi kwa Manyovu, tupande hadi Kigali, turudi kwa Rusumo. Wenye uzoefu tusaidieni kabla urafiki haujavunjika.

KondaMstaafu

Hilo la kuzunguka lifute leo hii. Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024, na mimi siwezi kumshauri mtu apange safari ya watu sita juu ya mpaka wa namna hiyo. Chagueni nchi moja.

Halafu swali la kwanza si nchi gani nzuri. Nani hana pasipoti? Kila kundi lina mmoja.

MtotoWaBangwe

Ni Juma.

KondaMstaafu

Nilijua tu. Pasipoti ni 150,000, hiyo ni theluthi ya bajeti yake. Aende Uhamiaji aulizie hati ya dharura ya safari, kwa nchi jirani inatosha, ila asisubiri mpaka siku mbili kabla. Na asidanganywe na habari za kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wanafanya hivyo baina yao, sisi hatumo. Kadi za chanjo ya homa ya manjano zote sita ziwe mkononi, si kwenye begi chini ya buti.

MamaMigebuka

Wanangu, mimi nimeenda Bujumbura kibiashara miaka mingi, nitasema ninachokijua.

Kwanza ni karibu. Asubuhi mnatoka Mwandiga, mnapanda milima ya Manyovu, mnavuka mpaka Mugina, mnateremka Mabanda hadi Nyanza-Lac. Kuanzia hapo barabara inafuata ziwa letu hilihili, Rumonge mpaka Bujumbura, maji yako kushoto kwenu na michikichi kulia. Hakuna atakayelala usingizi njiani, nawaambia.

Pili ni lugha. Mwenye Kiha kati yenu atakuwa mfalme, Kirundi kinasikika bila mkalimani. Asiye na Kiha aende mtaa wa Buyenzi, kule Kiswahili ndiyo lugha ya mtaa, na chakula halali kipo kila kona.

Chakula sasa. Mgebuka wetu kule unaitwa mukeke, dagaa wanaitwa ndagala. Samaki yuleyule, ziwa lilelile, lakini onjeni mkono wa Bujumbura muone: wanaupasua mgongoni, wanauchoma juu ya mkaa na pilipili yao ya maji, ndizi pembeni. Mara ya kwanza nilikula nikanyamaza, nikamuuliza mama yule amefanyaje. Akacheka, akaniambia nirudi kesho. Nilirudi siku tatu.

Ubaya wake nao nausema. Mafuta ya gari kule yamekuwa shida kwa miaka sasa. Nimeona foleni ya magari yaliyolala kituoni, madereva wamening'iniza taulo madirishani. Siku mafuta hayapo, nauli inapanda au gari haliondoki kabisa. Msipange kurudi siku ya mwisho ya likizo. Acheni siku moja ya akiba.

Kibondo_Boy

Mama kasema kweli tupu, ila mimi kura yangu ni Kigali. Nilikwenda na wenzangu wanne mwaka juzi. Kasulu, Kibondo, Kakonko, mnashuka Nyakanazi mnatafuta gari la Rusumo. Siku nzima inaisha, lakini pale darajani ukiangalia Kagera inavyotumbukia chini uchovu unaisha.

Sasa kisa chetu. Mwenzetu mmoja alimbebea shangazi yake wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, dagaa kilo tano, kavifunga kwenye mifuko ya nailoni minne, mmoja ndani ya mwingine. Rwanda walipiga marufuku mifuko hiyo tangu 2008 na hawatanii. Afisa alikuwa mpole kabisa, kasema tu "hii haipiti". Ikabidi dada mmoja kwenye kundi avue kanga yake, tukamimina dagaa kwenye kanga pale mbele ya watu, kijua kikali, nzi wanashangilia. Tumeingia Kigali gari zima linanuka mwalo wa Kibirizi. Yule dada mpaka leo hajarudishiwa kanga, na hilo bado linajadiliwa.

Mji wenyewe ni msafi na salama, saa nne usiku wasichana wetu walikuwa wanatembea bila wasiwasi. Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017 lakini msitegemee kila mtu akijibu, Nyamirambo ndiyo mtapumua. Nendeni kumbukumbu ya Gisozi, walipozikwa zaidi ya watu 250,000 wa mauaji ya 1994. Ila msiende asubuhi halafu mkapanga starehe mchana. Sisi tulifanya kosa hilo, tukakaa mezani watu watano hakuna anayeongea, chakula kikapoa.

Kingine, pikipiki kule hubeba abiria mmoja tu na kofia ngumu ni lazima. Watu sita ni pikipiki sita. Salma na kopo lake ajiandae.

Salma_wa_Kopo

Mimi ndiye Salma. Nimejiunga leo kwa sababu ya huu uzi. Risiti nitaendelea kudai.

Swali kwa Kibondo_Boy: kulala na kula kulikuwa ghali kuliko Burundi?

Kibondo_Boy

Dada, karibu. Ndiyo, ghali. Kigali kila kitu kina bei yake na bei hiyo haipunguzwi. Laki nne na nusu inatosha siku nne za mtu asiye na tamaa, ukihesabu na nauli ya kwenda na kurudi.

MzeeWaLiemba

Nyie vijana mnaongea mabasi tu. Mpulungu ilikuwa safari ya maji.

Meli ya Liemba ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipandevipande, ikaunganishwa hapahapa Kigoma na kushushwa majini 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe 1916 ili isichukuliwe, Waingereza wakaiibua 1924, ikaanza kazi kwa jina la Liemba 1927. Mimi nimeipanda daraja la tatu na rafiki zangu, tumelala juu ya magunia ya dagaa. Vituo vingi havikuwa na gati. Meli inasimama katikati ya ziwa, inapiga honi, mitumbwi inakuja ubavuni usiku na taa za chemli, watu wanarushiana kuku, magodoro, watoto. Ukiwa na rafiki wa kweli utamjua pale, ndiye anayekushikia mkono wakati mguu mmoja uko melini na mwingine mtumbwini.

MtotoWaBangwe

Shikamoo mzee. Umenifanya nitamani. Lakini si ilisimamishwa kwa matengenezo?

MzeeWaLiemba

Marahaba mwanangu. Ndiyo, ilisimamishwa. Nilikuwa nasimulia tu.

Fipa_Kwetu

Basi niwape ya nchi kavu, mimi ni wa Sumbawanga naishi Kigoma. Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Matai, mpaka Kasesya, halafu Mbala na Mpulungu. Hesabuni siku mbili kwenda na mbili kurudi. Katika siku saba zenu zinabaki tatu.

Kalambo inastahili, sibishi. Maji yanaanguka zaidi ya mita 220 kwa mruko mmoja. Na mwaka 2023 wataalamu walitangaza magogo yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu waliyoyakuta hapo, yana umri wa miaka 476,000 hivi. Lakini mto Kalambo ndio mpaka wenyewe! Upande wa Tanzania unayaona maporomoko hayohayo. Sasa mnagonga muhuri wa nini? Kama ni kwacha na nshima mnavitaka, sawa. Hata dagaa mtawakuta, wanaitwa kapenta.

Mbala mjini ndipo jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck lilipoweka silaha chini, 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita kuisha kwao Ulaya. Mwenye kupenda historia atafurahi. Wengine watano watakuwa wanamsubiri kwenye gari.

Mpita_Njia77

Mbona Kalemie hamuitaji? Kongo iko ng'ambo tu hapo, na ni mwanajumuiya wa Afrika Mashariki tangu 2022.

KondaMstaafu

Hapana, kaka. Mashariki ya Kongo kwa hali iliyokuwako tangu Goma na Bukavu zilipochukuliwa na waasi mwanzoni mwa 2025, mimi siwapeleki watoto wa watu matembezi. Mfanyabiashara anajua anachokifuata. Mtalii je?

MtotoWaBangwe

Ahsanteni sana. Tumekaa jana usiku kwa Juma. Zambia imejitoa yenyewe, waliokuwa wanaitaka walisoma ile ya muhuri wakacheka. Imebaki Kigali na Bujumbura, na jamaa mmoja anasema tukodi Noah tujiendeshe.

KondaMstaafu

Noah iacheni. Nchi zote mbili zinaendesha upande wa kulia, na usukani wenu uko kulia. Kuovateki kwenye kona za Rumonge bila kuona mbele ni kumtegemea aliyekaa kushoto akwambie "pita", na rafiki yako huyo anaangalia simu. Pia mtahitaji bima ya kadi ya njano ya gari. Msichanganye na ile kadi ya njano ya chanjo, kuna kundi walifika mpakani wana moja tu, wakabishana na afisa nusu saa wakidhani ni kitu kimoja. Na mkienda Burundi na gari, mafuta mtapata wapi? Msithubutu kuvuka na madumu, hiyo ni magendo.

Na saa zenu rudisheni nyuma saa moja, nchi zote hizo. Tuliwahi kufika stendi ya Bujumbura tumekimbia jasho linatutoka, kumbe basi bado saa nzima. Tukakaa tunakula maandazi tunatazamana.

MamaMigebuka

Mkienda Bujumbura, nyie watu wa Ujiji na Bangwe pitieni Mugere, kusini kidogo ya mji. Pana jiwe kubwa, Livingstone na Stanley walilala pale siku mbili Novemba 1871, baada ya kukutana hapa kwetu Ujiji. Walikuwa njiani kwenda kuchunguza kaskazini ya ziwa. Mpige picha. Jioni ufukweni Saga mkae na mishikaki ya mbuzi, mkitazama milima ya Kongo jua linapozama.

Hela badilisheni sehemu halali. Mtaani watawaita kwa bei tamu, lakini ni kosa, na kuhesabu noti kwa haraka ndiko wanakowaibia wageni.

Salma_wa_Kopo

Mama, ahsante. Nimeshapiga hesabu. Bujumbura siku nne, Gitega siku moja wanaotaka ngoma za Gishora, siku moja ya akiba kwa ajili ya mafuta, moja ya kurudi. Kila mtu anabakiwa na elfu sitini na tano ya dharura, na hiyo inabaki kwenye kopo.

MtotoWaBangwe

Imepita, kura nne kwa mbili. Waliokuwa wanataka Kigali wamekubali kwa sharti moja, mukeke wa kwanza analipa Juma.

Kibondo_Boy

Sawa. Ila dada zetu, kanga bebeni mbili.