Mama kaongeza mililita 180 baada ya dawa ya kuvuta: inahesabika?

Binti wa Moro: Habari zenu wakuu. Mama ana miaka 61, amepikia kuni tangu usichana, siku hizi akipanda ngazi pumzi inakata. Kapimwa mapafu, kavuta salbutamol (dawa ya kufungua mirija ya hewa), tukasubiri robo saa, akapuliza tena. FEV1, yaani hewa anayotoa kwa nguvu sekunde ya kwanza, ilitoka lita 1.42 ikawa 1.60. Ongezeko ni asilimia 12.7, ila daktari kaandika "hakuna mwitikio wa maana". Mimi najua ikivuka 12 ni pumu. Nishike lipi?

Kifua Wazi: Pole dada. Mimi mwenye pumu nikivuta nasikia kifua kinafunguka palepale. Yeye alisemaje?

Mpima Pumzi: Pole kwa kuuguza. Kazi yangu ni hii ya kuwapulizisha watu. Asilimia 12 haisimami peke yake: mwongozo wa 2005 wa vyama vya mapafu vya Marekani na Ulaya ulitaka na mililita 200 juu yake. Anayeanza na pumzi ndogo, kiasi kidogo tu kinampa asilimia kubwa. Hata bila dawa, mipulizo miwili bora ya mtu huyohuyo tunaikubali ikipishana hadi mililita 150, sasa 180 imeizidi kwa kiasi gani? Mwongozo wa 2021 unagawa ongezeko kwa kiwango kinachotarajiwa kwa umri, kimo na jinsia yake, na lazima lizidi asilimia 10. Chake kinasomeka ngapi? FVC, yaani hewa yote anayotoa kwa mpulizo mmoja, je? Na asubuhi ile alivuta pampu yake?

Binti wa Moro: Kinachotarajiwa 2.35. FVC 2.52, baadaye 2.60. Pampu alivuta saa moja, kipimo saa nne. Hakuna aliyetuambia asivute.

Mpima Pumzi: Basi 180 kwa 2,350 ni kama asilimia 7.7, na FVC imesogea kidogo mno. Daktari kasoma sawasawa. Ila salbutamol huachwa saa nne hadi sita kabla ya kipimo. Mirija ya mama ilishafunguka kabla hajafika, kwa hiyo ile 1.42 siiamini. Mwambieni daktari, aamue kama arudie na pampu isimamishwe vipi. Akibanwa, avute, kipimo kitasubiri.

Kinachonishughulisha zaidi ni FEV1 kugawa kwa FVC, 1.60 kwa 2.60: 0.62, chini ya 0.70 hata baada ya dawa, dalili kwamba njia za hewa zimebana. Kwa mtu wa moshi wa kuni, muulizeni wazi kuhusu ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Na dawa asiache kwa sababu ya karatasi hiyo. Wapo wengi ambao FEV1 haipandi na bado wakivuta dawa, ngazi wanazimudu.

Binti wa Moro: Asante sana. Kifua Wazi, alisema "afadhali kidogo". Jumatatu tunarudi kliniki na pampu yake mkobani.