Ukuta wapigwa chokaa mara ya tatu, sisi wa mtaa wa Wiyoni, Lamu, twakanyaga maji ya choo

Assalaam aleikum wenzangu. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Juma lililopita nikitoka kazini nilipita ufukoni, nikakuta jengo moja la kale (silitaji, walioko Amu, yaani Lamu mjini, wameshalijua) limezungushiwa boriti na mafundi 9 wanalipiga chokaa. Kwa macho yangu haya hii ni mara ya tatu. Ya pili, mwanangu wa mwisho hajazaliwa. Sasa yuko darasa la 4. Usiku uleule mvua ikanyesha, kwetu Wiyoni maji machafu yakaingia ndani mpaka uvunguni mwa kitanda cha mama.

Asije mtu akanambia sina uchungu na mambo ya kale. Nimezaliwa mtaa wa Langoni, nyumba ya mawe, daka (baraza ya mlangoni) mbele, zidaka (vishubaka) ukutani. Tuliihama kwa kuwa dari ilikuwa yamwaga vumbi kwenye sahani za wali. Kutengeneza? Mji wa kale hauguswi hivihivi, saruji na mabati ni ugomvi. Utafute matumbawe, chokaa, boriti za mkoko na fundi mwenye mkono wa kazi hiyo, na wao washazeeka. Mwaka 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji wa miti, mikoko ikaingia humo humo, bei ya boriti ikapaa. Mama alipoenda ofisini kuomba msaada aliambiwa alete mchoro. Mchoro! Mjane anayeuza mahamri!

Jirani yetu aliuza kwa mgeni. Sasa kuna bwawa la kuogelea juu ya dari, na sisi twanunua maji kwa mitungi.

Tangu 2001 twaambiwa mji wetu ni urithi wa dunia. Sawa, lakini hiyo dunia haijaingia choo cha mtaani kwetu. Lami nayo imefika Mokowe, ng'ambo upande wa bara, alhamdulillahi, ila lami ya Mokowe haivuki bahari. Usiku mtu akishikwa na uchungu wa kuzaa, sisi twamtia kwenye mkokoteni, tope mpaka magotini, shangazi mbele na tochi.

Na kila mwezi nakatwa asilimia 1.5 ya mshahara, eti ya nyumba za bei nafuu. Mtaani kwetu sijaona hata tofali.

Nilienda kwenye kikao cha maoni ya bajeti nikaomba mtaro. Mtaro tu, wala si ghorofa! Karani akaandika, nikamwona kwa macho yangu. Karatasi ilipotoka mtaro haumo, ila "ukarabati" umo, mistari miwili.

Aliye na karatasi yoyote yenye mtaro wa Wiyoni aiweke hapa. Picha za chumba cha mama nazipandisha mtandao ukikaa sawa.