Chesisi ya Land Rover Series III imeliwa na kutu: viraka au kuichovya zinki?

Assalaam alaykum wapenzi wa magari ya zamani, naomba ushauri.

Gari ni Land Rover Series III fupi, inchi 88, injini ya petroli ya lita 2.25, ipo Bububu, Unguja. Bodi ya aluminiamu haina neno, ila pale inapogusana na chuma imetoa unga mweupe na kuvimba. Balaa liko chini. Chesisi, yaani fremu inayobeba gari zima, ni boksi la bati la milimita 2 na inaoza kuanzia ndani, maana mchanga na maji ya chumvi hutuama humo matundu ya kutolea maji yakishaziba. Nyundo ndogo imetoboa boriti ya nyuma na mikono miwili inayobeba bodi. Reli kuu, zile boriti mbili ndefu, bado zinalia vizuri zikigongwa, isipokuwa karibu na masikio ya springi za nyuma.

Fundi anataka kubandika bati juu ya bati kisha apake rangi. Hilo silitaki, kutu itaendelea kula katikati. Nafikiria kukata mpaka kwenye chuma kizima, kuchomea bati jipya ncha kwa ncha, kisha kuivusha Dar ikachovywe zinki ya moto, yaani iliyoyeyushwa, ili isishike kutu tena.

Aliyewahi kuchovya anijuze: kwenye nyuzi 450 hivi haipindi? Matundu ya kupitishia zinki na hewa yawe ya ukubwa gani, na wapi? Au nimimine nta ndani, yaishe? Oili chafu msinishauri, inalainisha bushi za mpira.

Na baina ya aluminiamu na chuma mnaweka nini, mpira au plastiki?